Nusu ya Injini

Tarehe 4 Mei 2024, katika bustani ya burudani ya Cedar Point iliyo kando ya Ziwa Erie, mjini Sandusky, Ohio, watu walipanga foleni kupanda chombo walichokisubiri tangu 2021. Kilikuwa rola kosta kongwe iliyovuliwa mtambo wake wa haidroliki, yaani wa mafuta yenye shinikizo, ikavishwa wa sumaku na kupewa jina jipya: Top Thrill 2. Baada ya kama wiki moja ikafungwa. Kiangazi kikapita, vuli ikapita, mnara umesimama kimya juu ya maji, na kila mwenye mdomo akawa na hukumu. Hukumu zilipishana kwa ukali tu, mzizi ulikuwa mmoja: "Ilikuwa kazi ya kubadilisha injini. Hata hilo limewashinda?"

Nina ugomvi na mzizi huo. Waliolaumu wana haki ya kulaumu, maana tiketi walinunua kwa pesa zao. Lakini neno "kubadilisha injini" limewapotosha, na likishapotosha mwanzoni, kila hesabu inayofuata inatoka kombo.

Aliyewahi kushinda gereji anaijua kazi yenyewe. Land Rover ya zamani, bodi bado imara, injini imechoka. Inatafutwa injini ya Toyota, vinachongwa vishikizo vipya, inaungwa na giaboksi, gari linarudi barabarani. Jirani yangu alifanya hivyo na kwa miezi miwili alikuwa mfalme wa mtaa. Mwezi wa tatu akagundua kwamba breki alizonazo zilitengenezwa kwa mwendo wa injini ile ya kwanza. Hata gereji, basi, "injini tu" ni neno la kujipa moyo. Ila angalau pale kuna kitu kimoja cha chuma unachoweza kukinyanyua kwa winchi, ukakiweka chini na kusema: hii ndiyo injini. Kwenye rola kosta ya kurushwa hakuna kitu cha namna hiyo.

Rola kosta ya kawaida hupandishwa kilimani kwa mnyororo, kisha ikaachwa iteremke kwa uzito wake. Ya kurushwa haina kilima cha kwanza. Treni imesimama kwenye reli ya tambarare, halafu kitu kinaisukuma au kuivuta kwa nguvu mpaka iwe na mwendo wa kuukwea mnara. Top Thrill Dragster, jina la zamani la chombo hiki, ilifunguliwa Mei 4, 2003, siku na mwezi uleule. Mnara wake ulikuwa na mita 128, na hakuna rola kosta ya mzunguko kamili iliyokuwa imefika futi 400 kabla yake. Treni ilitoka kwenye kusimama kabisa hadi kilomita 193 kwa saa katika sekunde 4 hivi.

Iliyafanya hayo bila kubeba mota yoyote. Katika jengo lililo pembeni mwa reli, pampu zilisukuma mafuta ndani ya matangi yenye gesi ya nitrojeni. Mafuta hayabaniki, gesi hubanika, kwa hiyo nitrojeni ilikaa imejikunja kama springi ikingoja. Valvu zikifunguka, gesi inayafukuza mafuta, mafuta yanazungusha mota za haidroliki, mota zinazungusha pipa la winchi, pipa linavuta kebo, kebo inavuta kigari kidogo kinachokimbia katikati ya reli, na kigari hicho kimenasana na tumbo la treni. Karibu na mwisho wa tambarare kigari kinaiachia treni na kufunga breki. Treni inaendelea peke yake. Kwa lugha ya gereji, injini yote ilikuwa ndani ya jengo, na gari lilikuwa mzigo wenye ndoano.

Piga hesabu ya nguvu iliyohitajika, maana hapa ndipo heshima ya mtambo ule ilipo. Kilomita 193 kwa saa ni mita 53.6 kwa sekunde. Kila tani moja ya treni na watu wake inahitaji kupewa kama megajuli 1.4. Kuzigawa kwa sekunde 3.8 kunatoa wastani wa kilowati 380 kwa tani, na kama msukumo ni uleule toka mwanzo hadi mwisho, sekunde ya mwisho inadai mara mbili ya hizo. Treni yenyewe ni ya tani kadhaa. Kuidai gridi ya umeme nguvu ya namna hiyo kwa ghafla, kisha kunyamaza, kisha kuidai tena, ni kutafuta ugomvi na kampuni ya umeme. Matangi ya nitrojeni yaliumaliza ugomvi huo kabla haujaanza: pampu zinajaza taratibu, gesi inatoa kwa mkupuo. Wanaoiita haidroliki teknolojia mbovu iliyopaswa kufa mapema wanasahau hili. Formula Rossa, iliyofunguliwa Abu Dhabi mwaka 2010, hutumia haidroliki na hufika kilomita 240 kwa saa, katikati ya joto la Ghuba, na abiria huvalishwa miwani kwa sababu chembe ya mchanga kwa mwendo huo ni risasi.

Ubovu wa haidroliki uko kwingine. Kebo huchakaa. Mwaka 2004 vipande vya chuma vilivyotoka kwenye kebo ya Dragster viliwajeruhi abiria wanne. Sili huvuja, mafuta hubadilika tabia joto likibadilika, na kila sehemu inayozunguka inadai fundi wake. Zaidi ya hayo, msukumo ni mmoja na hauna marudio. Treni ikishaachiwa na kigari, yaliyofanyika yamefanyika.

Hesabu nyingine ndogo inaonyesha uzito wa jambo hilo. Ili kufika mita 128 pasipo upepo wala msuguano, treni ingehitaji kama kilomita 180 kwa saa. Kwa 193 ingefika kama mita 146. Akiba yote, basi, ilikuwa mita 18 za kwenye karatasi, na humo ndimo mlimotoka upepo wa ziwani, magurudumu yenye baridi asubuhi, na uzito wa abiria wa safari hiyo. Siku nyingine akiba haikutosha. Treni ilikwea, ikasita karibu na kilele, ikarudi chini kinyumenyume mpaka kwenye mapezi ya breki za sumaku yaliyokuwa yakiinuka kutoka relini mara tu treni inapopita. Mashabiki waliliombea jambo hilo liwatokee wao. Wengine walipanda mara nyingi msimu mzima wakiliwinda bila kulipata.

Sasa tuje kwenye sumaku. Chukua mota ya feni ya kawaida: nje kuna koili za waya, ndani kuna kitu kinachozunguka. Ikate upande mmoja, ikunjue kama mkeka, itandike chini. Koili sasa ziko kwenye mstari, na badala ya kuzungusha, zinasukuma mbele. Wazo si geni. Charles Wheatstone alikuwa na mfano wake London katika miaka ya 1840, na Mwingereza Eric Laithwaite alitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika karne ya 20 akilipigania. Kwenye rola kosta za leo, koili hutandikwa relini na treni hubeba sumaku za kudumu chini yake. Umeme unapitishwa koili baada ya koili, ukiikimbiza sumaku mbele, na vifaa vya elektroniki vinahitaji kujua kila wakati treni ipo wapi hasa.

Msomaji aliyepanda treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma anaweza kupima tofauti. Treni ile huchota umeme kwenye waya wa juu na kubeba mota zake yenyewe. Hapa umeme haupandi treni hata chembe. Lakini sumaku zimepanda, na mota bila sumaku zake ni waya uliolala. Zaidi ya hapo, sumaku hizo lazima zipite karibu sana na koili, nafasi ya milimita chache, bila kugusa, kwa kilomita 193 kwa saa. Anayeilinda nafasi hiyo ni nani? Ni magurudumu ya treni, ekseli zake na unyoofu wa reli.

Kwa hiyo ukiondoa haidroliki na kuweka sumaku, hukubadilisha injini. Umeichukua injini iliyokuwa nzima ndani ya jengo, ukaikata vipande viwili, kimoja ukakitandika relini na kingine ukakipandisha kwenye gari. Gari ambalo jana lilikuwa mzigo wenye ndoano leo ni nusu ya mota. Treni za zamani haziwezi kubaki. Zinahitajika mpya, na treni mpya ina uzito wake, magurudumu yake, namna yake ya kuinama kwenye kona na ya kutikisika kwenye mteremko wa wima.

Ndiyo maana tangazo la kufungwa kwa Top Thrill 2 lilinishangaza kidogo tu. Lilisema mtengenezaji, kampuni ya Zamperla ya Italia, anahitaji muda wa kurekebisha magari ya treni. Watetezi wa mradi walirukia neno hilo: mnaona, mtambo wa kurushia hauna kosa, ni magari tu! Wapinzani nao wakajibu: basi hata magari wameshindwa kuyaunda. Pande zote mbili zilikuwa bado zinazungumza kana kwamba mtambo ni kitu kimoja na gari ni kingine. Magari yale yalihitajika kwa sababu mtambo ulibadilishwa. Hitilafu ya magari ilikuwa sehemu ya gharama ya sumaku, hata kama hakuna koili iliyoungua. Anayetaka kuusifu mradi aihesabu gharama hiyo. Anayetaka kuulaani asiseme kwamba kazi ilikuwa rahisi.

Kosa la namna hiyohiyo, lililogeuzwa tu, limefanywa kuhusu Agosti 2021. Tarehe 15 mwezi huo bamba la chuma liling'oka kwenye Dragster na kumpiga mwanamke aliyekuwa kwenye foleni, akaumia vibaya sana. Hadi leo utasikia kwamba haidroliki ndiyo iliyoleta maafa, kwamba mtambo mzee ulikuwa umevuka uwezo wake. Bamba lile lilitoka kwenye treni. Halikuwa la kebo, wala la winchi, wala la pampu. Katika Ohio, wanaokagua vyombo hivi ni Idara ya Kilimo ya jimbo (jambo linalochekesha mpaka ukumbuke kwamba vyombo vingi vya burudani huzunguka kwenye maonyesho ya wakulima), na uchunguzi wao haukuwatia hatiani wenye bustani. Septemba 2022 Cedar Point ikatangaza mwisho wa Dragster kama ilivyojulikana, baada ya misimu 19 na abiria milioni 18. Ukiweka matukio hayo mawili pamoja, 2021 na 2024, utaona kwamba kilicholeta balaa mara zote ni treni, na mara zote mazungumzo ya watu yalikimbilia injini.

Kuna wenye hoja nzito zaidi. Hawa wanasema: kama kila kitu ni kipya, treni mpya, mtambo mpya, reli mpya ya kurushia, kwa nini kung'ang'ania mnara wa 2003? Bomoa, jenga upya. Na wana mfano mkononi. Kingda Ka, ya Six Flags Great Adventure huko New Jersey, ilifunguliwa 2005 ikiwa na mtambo wa aina ileile ya haidroliki, mita 139, kilomita 206 kwa saa. Novemba 2024 ikatangazwa kufungwa, na Februari 28, 2025 mnara wake ukaangushwa kwa baruti. Kampuni za Cedar Fair na Six Flags zilikuwa zimeungana Julai 2024, kwa hiyo mikono iliyoangusha Kingda Ka ni ileile iliyokuwa ikiifufua Top Thrill 2.

Mfano huo unathibitisha kwamba kampuni moja inaweza kuamua mambo mawili tofauti kuhusu minara miwili tofauti. Hauthibitishi kwamba mnara wa Sandusky haukuwa na thamani. Katika rola kosta ya namna hii, mnara ndio sehemu ambayo uzee wake unapimika kwa utulivu zaidi. Chuma kilichosanifiwa kubeba mizigo iliyo chini ya kikomo chake cha uchovu, kikapakwa rangi, kikakaguliwa maungio na boliti, hakizeeki kama kebo inavyozeeka. Mnara ule ulikuwa umeshazoea treni kupita kwa misimu 19, na wahandisi walijua tabia yake kwa vipimo. Kuubomoa kwa sababu kebo iliyokuwa chini yake imechosha watu ni kubomoa nyumba kwa sababu ya mlango.

Tena wale wanaodai kwamba kujenga upya kungewaepusha na mwaka wa aibu, wakumbuke mwaka wa kwanza wa Dragster yenyewe. Mwaka 2003 ilikuwa mpya kuanzia boliti hadi kilele, na ilisimama mara kwa mara huku mafundi wakiizoea. Upya haukuiokoa.

Kubadilisha mtambo kunafanyika, na si hadithi. Huko Wavre, Ubelgiji, rola kosta ndogo ya Schwarzkopf iliyoanza 1982 kwa jina la Sirocco, ikirushwa kwa gurudumu zito lililohifadhi mwendo, ilirudi mwaka 2013 ikiitwa Psyké Underground na kurushwa kwa sumaku. Mwendo wake ni kama kilomita 85 kwa saa, hakuna mnara wa kutisha, na haikuwa habari ya dunia. Udogo ndio uliosaidia. Na kuna upande wa pili wa mizani: rola kosta ya Incredible Hulk ya Orlando ilifungwa 2015, ikarudi 2016 ikiwa na reli mpya na treni mpya kwenye njia ileile, kiasi kwamba abiria angeweza kudhani imepakwa rangi tu.

Kinachonivutia kuliko yote, hata hivyo, ni namna Sandusky walivyoutumia mtambo mpya. Sumaku zinaweza kurusha kwa mkupuo mmoja. Red Force ya Uhispania, iliyofunguliwa 2017, inafika kilomita 180 kwa saa katika sekunde 5 na kupanda mita 112. Top Thrill 2 haifanyi hivyo. Treni inarushwa mbele kwa kilomita 119 kwa saa, inaukwea mnara wa zamani bila kufika juu, inarudi kinyumenyume. Ikipita tena kwenye koili inasukumwa hadi 163 na kupanda kinyumenyume mnara wa pili uliojengwa nyuma, wenye urefu sawa na ule wa kwanza. Inashuka, inapita koili mara ya tatu, inafika 193, na hapo ndipo inavuka kilele.

Aliyewahi kumsukuma mtoto kwenye pembea siku ya Idi anaujua mtindo huu kwa mikono yake. Humpandishi kwa msukumo mmoja. Unamsubiri arudi, unaongeza kidogo, unasubiri tena. Nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo ukitafuta mraba wa 119, wa 163 na wa 193, utakuta mpito wa kwanza unatoa kama asilimia 38 ya nishati yote, wa pili 33, wa tatu 29, na juu yake kila mpito unalipa kile upepo ulichokula. Ni karibu theluthi kwa theluthi. Koili zilezile zimefanya kazi mara tatu, na gridi haikuombwa mkupuo mzima kwa wakati mmoja. Kilichokuwa kinafanywa na nitrojeni iliyokunjwa sasa kinafanywa na treni yenyewe, ikiwa imening'inia juu ya mnara, ikihifadhi kwa urefu kile itakachokirudisha kwa mwendo.

Nakubali kilichopotea. Zile sekunde nne za Dragster, kutoka kimya hadi 193 bila kuulizwa, hazipo tena, na wanaozililia hawakosei. Mtambo mpya una hatua, una kujiandaa, una kurudi nyuma. Ni safari nyingine. Lakini tazama kilichotokea kwa lile tukio adimu ambalo mashabiki waliliwinda msimu mzima, treni kushindwa na mnara na kurudi chini. Sasa linampata kila abiria, kila safari, kwa hesabu. Sijui kama ni zawadi au ni kulifuja jambo, na kila nikiwaza hubadilisha jibu. Kwa vyovyote, kitu kilichobadilisha ajali ndogo kuwa mpango kimepita mbali na habari ya kushusha injini na kupandisha nyingine.

Top Thrill 2 ilirudi kufanya kazi mwaka 2025. Waliosema haitarudi wamehamia kwenye malalamiko mengine, na wala siwalaumu, maana yapo.

Mimi macho yangu yako Buena Park, California. Pale Knott's Berry Farm iko Xcelerator, iliyofunguliwa 2002, ya kwanza kabisa ya haidroliki kati ya hizi zote. Mnara wake ni wa mita 62 hivi na mwendo wake kilomita 132 kwa saa, chini sana ya uwezo ambao sumaku zimeshauonyesha. Siku wenye nayo watakapokaa mezani kuamua hatima yake, swali la mtambo litakuwa limejibiwa Uhispania tangu 2017. Watakachopaswa kuulizana ni nani atawaundia treni, na watampa miezi mingapi ya kuizungusha ikiwa imebeba masanamu yaliyojazwa maji, kabla hawajamfunga mtu mkanda.